4,191 au 4,189: kisa cha mapigo mawili ya Ty Cobb katika hifadhi za mtandaoni

Mtu anayeingia mtandaoni kutafuta idadi ya mapigo aliyoyapata Ty Cobb katika maisha yake ya besiboli hurudi na majibu mawili. Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, inaandika 4,191 pamoja na wastani wa kupiga wa 0.367. Baseball-Reference, kanzidata iliyoanzishwa na Sean Forman mwaka 2000 na ambayo wanahabari wengi wa mchezo huo huifungua kabla ya nyingine yoyote, inaandika 4,189 na wastani wa 0.366. Tofauti ni mapigo mawili katika misimu 24, kuanzia 1905 hadi 1928, na msomaji mwenye haraka angeweza kuipuuza kama hitilafu ya uchapaji. Lakini mapigo hayo mawili yamebeba taji la mpiga bora wa 1910, uamuzi wa kamishna wa ligi wa mwaka 1981, na swali la ni siku gani hasa, mwezi Septemba 1985, Pete Rose alivunja rekodi iliyokuwa maarufu kuliko karibu zote katika mchezo huo.

Uchambuzi huu unafuata njia ambayo mtafutaji hupita ili kuelewa tofauti hiyo, kutoka jumla iliyo juu kabisa hadi karatasi ya siku moja. Maoni yangu ni kwamba kila upande unajibu swali lake. MLB inatunza kilichoamuliwa na mamlaka ya mchezo. Baseball-Reference inatunza kilichotokea uwanjani kwa kadiri karatasi zinavyoonyesha. Asiyejua swali linalojibiwa ataishia kuchukua namba ya ukurasa uliotangulia katika matokeo ya utafutaji, na hapo atakuwa amepata jibu kwa bahati tu, kama ni jibu.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, maelezo machache yatatosha. Mpiga akiupiga mpira kwa gongo na kufika salama angalau kwenye besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza kati ya vinne anavyopaswa kuvizunguka, pasipo mlinzi kufanya kosa la wazi, huandikiwa pigo. Mapigo yakigawanywa kwa zamu zake zinazohesabiwa hutoa wastani wa kupiga, ambao Wamarekani huuandika bila sifuri ya mwanzo: .367, wala si 0.367, jambo linalofaa kukumbukwa unapoandika maneno ya kutafuta. Anayeamua kama mpira fulani ni pigo au ni kosa la mlinzi ni mwandishi rasmi wa matokeo aliyeketi uwanjani. Katika enzi za Cobb uamuzi wake ulipelekwa makao makuu ya ligi, ambako karani aliunakili kwa mkono kwenye karatasi ya kila mchezaji, mstari mmoja kwa kila mchezo, na mistari hiyo ndiyo iliyojumlishwa mwisho wa msimu. Kila jumla ya zamani imepita basi katika mikono isiyopungua miwili, wa mwandishi na wa karani, na kila mkono una namna yake ya kukosea.

Msimu wa 1910

Mwaka huo mwenye kiwanda cha magari Hugh Chalmers aliahidi gari kwa mpiga atakayemaliza msimu akiwa na wastani wa juu kuliko wote. Katika Ligi ya Marekani, mojawapo ya ligi mbili kuu, ushindani ulibaki kati ya watu wawili: Cobb wa Detroit, ambaye watu wengi hawakumpenda, na Napoleon Lajoie wa Cleveland, aliyependwa kiasi kwamba timu yake yenyewe iliitwa Naps kwa jina lake. Cobb, akiamini kwamba ameshatangulia vya kutosha, hakucheza michezo miwili ya mwisho ya Detroit.

Jumapili tarehe 9 Oktoba 1910, Cleveland ilicheza michezo miwili mfululizo huko St. Louis dhidi ya timu ya Browns. Meneja wa Browns, Jack O'Connor, alimwagiza mlinzi wake wa besi ya tatu, kijana mgeni katika ligi aliyeitwa Red Corriden, asimame mbali sana nyuma. Lajoie alipoona uwazi huo alianza kuugusa mpira kidogo tu kwa gongo ili udondoke upande wa besi ya tatu, kisha akatembea karibu kwa raha hadi besi ya kwanza. Akaandikiwa mapigo manane siku hiyo. Mtu wa upande wa Browns, Harry Howell, alijaribu hata kumshawishi mwandishi rasmi wa matokeo amwongezee Lajoie pigo jingine, na ahadi iliyotolewa ilikuwa suti mpya.

Rais wa ligi, Ban Johnson, aliuchunguza mkasa huo. O'Connor na Howell wakapoteza kazi, mapigo manane yakaachwa kama yalivyo, na hesabu rasmi ikatangazwa: Cobb 0.385, Lajoie 0.384. Chalmers, aliyekuwa mfanyabiashara mwerevu, akawapa wote wawili magari, na mwaka uliofuata akabadilisha masharti ili tuzo isitegemee tena wastani wa kupiga.

Mambo yote haya yanapatikana kwa urahisi mtandaoni kwa sababu magazeti ya 1910 hayana tena hakimiliki nchini Marekani. Maktaba ya Bunge la Marekani ina hifadhi ya magazeti iitwayo Chronicling America, iliyo bure kwa yeyote duniani, na ndani yake yamo majina kama New-York Tribune na The Washington Times. Jarida la michezo la wakati huo, Sporting Life, limewekwa mtandaoni na taasisi ya LA84 ya Los Angeles. Vitabu vya mwaka vya Spalding, vilivyochapisha takwimu za msimu uliopita, vimo pia katika Maktaba ya Bunge. Mtafutaji anaweza kusoma ghadhabu ya waandishi wa Oktoba 1910 karibu neno kwa neno. Asichoweza kukipata katika kurasa hizo ni mapigo mawili tunayoyatafuta, kwa kuwa mwaka 1910 wote walikuwa wameutazama uwanja wa St. Louis, ilhali tatizo jingine lilikuwa limelala kimya ofisini, katika karatasi za Cobb mwenyewe.

Kutoka jumla hadi siku

Anayeandika jina la Cobb na neno la mapigo katika injini ya utafutaji atapata mamia ya kurasa, na nyingi kati yake hazina thamani ya ushahidi. Zimenakiliana. Ukurasa mia unaosema 4,191 ni ushahidi mmoja uliorudiwa mara mia, na hali ni hiyohiyo kwa 4,189. Swali linalofungua mlango ni la mahali: jumla hizi mbili zinaachana wapi? Hapo inabidi kuacha makala na kufungua majedwali ya msimu kwa msimu. Yapo matengano madogomadogo ya zamu au pigo moja katika misimu kadhaa, jambo la kawaida kwa wachezaji wa enzi hiyo, lakini msimu unaobeba kisa hiki ni 1910. Hesabu iliyotangazwa na ligi ilimpa Cobb mapigo 196 katika zamu 509. Baseball-Reference inampa 194.

Tufanye hesabu yenyewe, maana ndiyo kiini cha shauri. 196 kugawanywa kwa 509 ni 0.385. Lajoie alikuwa na mapigo 227 katika zamu 591, ambayo ni 0.384. Sasa toa mchezo mmoja ambao Cobb alipata mapigo mawili katika zamu tatu: zinabaki 194 kwa 506, yaani 0.383. Lajoie hakuguswa popote, lakini sasa yuko mbele. Mstari mmoja wa karani, wenye tarakimu mbili zinazotuhusu, unatosha kuhamisha taji kutoka Detroit kwenda Cleveland.

Mstari huo uligunduliwa na Pete Palmer, mtafiti wa takwimu za besiboli, mwishoni mwa miaka ya 1970, alipokuwa akipitia karatasi rasmi za kila siku za ligi. Aliona kwamba mchezo mmoja wa Detroit wa mwishoni mwa Septemba 1910 uliandikwa mara mbili katika karatasi ya Cobb, na mara zote mbili ukaingia katika jumla. Gazeti la The Sporting News likalitangaza jambo hilo mwaka 1981.

Karatasi zenyewe zinatunzwa Cooperstown, jimbo la New York, katika maktaba ya Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli. Hapa pana kitu ambacho kila mtafutaji wa besiboli angepaswa kukitazama kwa makini. Katika jengo la taasisi hiyohiyo linatundikwa bamba la shaba la Cobb, mmoja wa watu watano wa kwanza kuchaguliwa mwaka 1936, na bamba hilo linasema alistaafu akiwa na mapigo 4,191 na kwamba aliongoza ligi katika upigaji mara kumi na mbili. Maktaba ina karatasi zinazolipinga bamba. Picha ya bamba iko kila mahali mtandaoni. Karatasi hazipatikani kwa kubofya mara moja. Ni wazi ni ipi kati ya hizo mbili itakayomfikia mtafutaji wa kawaida kwanza.

Swali linalofuata ni kama mtu aliye mbali na Cooperstown anaweza kuthibitisha alichokiona Palmer. Jibu ni ndiyo, kwa kiasi kikubwa, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo.

Makosa katika kumbukumbu za michezo yako ya aina mbili. Kuna kosa la hukumu: mpira ulipita kando ya mlinzi, mwandishi akauita pigo, mwingine angeuita kosa la mlinzi. Kosa la namna hiyo haliwezi kusahihishwa na mtu wa karne nyingine, kwa sababu waliouona mpira wameshakufa na magazeti mawili ya asubuhi moja yanaweza kutofautiana juu yake. Mapigo manane ya Lajoie yako katika kundi hilo. Hata kama nia ya O'Connor ilikuwa chafu, mpira uligongwa, mpiga akafika besi, mwandishi akaandika. Kisha kuna kosa la hesabu: mchezo uliochezwa mara moja umeandikwa mara mbili. Kosa hili halihitaji kujua mpira ulipita wapi. Linahitaji kujua Detroit ilicheza michezo mingapi katika siku zile, na jambo hilo magazeti yanalijua vizuri mno, kwa kuwa kila gazeti lilichapisha matokeo na msimamo wa ligi kila siku. Msimamo una idadi ya ushindi na idadi ya kushindwa. Ukijumlisha namba hizo mbili za Detroit katika toleo la siku moja, ukazilinganisha na za siku inayofuata, utajua ni michezo mingapi iliyochezwa katikati, hata kama ukurasa wenye maelezo ya mchezo umechakaa kiasi cha kutosomeka.

Njia hii ya kupitia msimamo wa ligi naipendelea kuliko ya kutafuta jina la mchezaji, na sababu ni ya kiufundi. Hifadhi za magazeti hutafutika kwa sababu programu ya kusoma herufi imepitia picha za kurasa na kuzigeuza kuwa maandishi. Programu hiyo hufanya kazi nzuri katika habari zilizochapwa kwa herufi za kawaida, na hufanya vibaya katika majedwali ya mchezo, ambako majina yalibanwa katika herufi ndogo kabisa zilizokuwapo kiwandani, kwa wino uliotapakaa juu ya karatasi ya bei nafuu. Herufi i ya Lajoie husomwa l, naye akawa Lajole. Cobb akawa Cohb au Cobh. Tarakimu ndizo huteseka zaidi: 3 ikawa 8, 1 ikapotea kabisa. Mtafutaji anayeliandika jina kwa usahihi na kuambiwa kwamba hakuna matokeo anaweza kudhani mchezo haukuandikwa, kumbe umo katika ukurasa uleule, umeandikwa kwa tahajia ambayo hakuna binadamu aliyeikusudia.

Dawa ni kuacha kutafuta kwa jina na kuvinjari kwa tarehe. Hapo pia pana mtego. Mchezo wa Jumamosi mchana umo katika gazeti la Jumapili asubuhi. Gazeti la jioni la Jumamosi yenyewe huenda likawa na raundi za mwanzo tu, na lisipotoka Jumapili, habari kamili itasubiri Jumatatu. Anayetafuta mchezo wa tarehe 9 Oktoba 1910 katika toleo la tarehe 9 atakosa, na pengine ataandika mahali fulani kwamba gazeti lile halikuripoti. Michezo miwili ya siku moja huongeza utata, kwa kuwa majedwali mawili hupangwa moja chini ya jingine na kuna wakati la pili hukatwa kwa kukosa nafasi. Si ajabu kwamba siku za namna hiyo ndizo zilizowachanganya makarani. Ukiona hesabu ya mchezaji wa zamani haikai sawa, siku za michezo miwili zinafaa kuchunguzwa mapema.

Mtu asiyetaka kupita katika kurasa za magazeti ana njia fupi zaidi. Retrosheet, mradi ulioanzishwa mwaka 1989 na David Smith, aliyekuwa profesa wa biolojia katika Chuo Kikuu cha Delaware, hukusanya maelezo ya mchezo mmoja mmoja na kuyatoa bure kwa sharti la kutaja yalikotoka. Sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wanaojitolea, na Baseball-Reference yenyewe hutumia data yake. Kinachonifanya niiamini zaidi ni kwamba huchapisha orodha za mahali ambapo hesabu zake zinatofautiana na hesabu rasmi, mchezaji kwa mchezaji. Kanzidata nyingi huficha mishono yake ili ionekane nguo moja. Hii inaionyesha, na mtafutaji akijifunza kuzisoma orodha hizo mapema ataokoa muda mwingi.

Uamuzi wa 1981 na matokeo yake

Habari ya The Sporting News ilipotoka, kamishna wa besiboli alikuwa Bowie Kuhn. Aliombwa asahihishe hesabu, jambo ambalo lingemvua Cobb taji la 1910 na kukata mfululizo wa mataji yake tisa kutoka 1907 hadi 1915. Kuhn alikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba miaka sabini imepita na kwamba uamuzi uliotolewa na ligi wakati ule ubaki ulivyo.

Wapenzi wa takwimu walimlaumu sana, na lawama hizo bado zinasomeka. Kwa upande wangu naona uamuzi wake una mantiki ya kisheria ingawa hauna mantiki ya hesabu. Taji ni tuzo iliyotolewa na mamlaka ya wakati wake, kwa ushahidi uliokuwapo; linaweza kubaki kwa Cobb bila dunia kuharibika. Lakini idadi ya mapigo ni hesabu ya matukio, na matukio hayaongezeki kwa sababu muda umepita. Kuhn angeweza kuliacha taji na kusahihisha jumla. Alivifunga vitu viwili katika kifurushi kimoja, na ndiyo maana hadi leo mtafutaji anakutana na namba mbili.

Gharama ya kifurushi hicho ilionekana mwaka 1985. Pete Rose, mchezaji na meneja wa Cincinnati Reds, alikuwa akiikaribia 4,191. Jumapili tarehe 8 Septemba, timu yake ilikuwa Chicago katika uwanja wa Wrigley Field, na mtu aliyetarajiwa kuwarushia wapiga mpira kwa niaba ya Cubs, timu ya mji huo, yaani mrushaji Steve Trout, alirusha kwa mkono wa kushoto. Rose wakati huo hakuwa akijipanga dhidi ya warushaji wa namna hiyo, kwa hiyo wengi waliamini kwamba siku ingepita kimya. Trout akaanguka na baiskeli, akashindwa kucheza, na nafasi yake ikachukuliwa na Reggie Patterson wa mkono wa kulia. Rose akajiingiza kikosini. Katika raundi ya kwanza alipata pigo la 4,190. Katika raundi ya tano alipata la 4,191.

Umati ulishangilia lile la pili kwa kuwa lilimfikisha sawa na Cobb. Siku tatu baadaye, tarehe 11 Septemba, huko Cincinnati, alipata la 4,192 kutoka kwa Eric Show wa San Diego, na mchezo ukasimama kwa shangwe ndefu. Picha zinazojaa mtandaoni ni za usiku huo. Lakini kama Cobb alikuwa na mapigo 4,189, rekodi ilivunjwa katika raundi ya kwanza ya Jumapili ya Chicago, kwa pigo ambalo hakuna aliyesimamisha mchezo kwa ajili yake. Ikumbukwe kwamba habari ya The Sporting News ilikuwa imeshachapishwa miaka minne kabla. Ujuzi ulikuwapo, kilichokosekana ni mamlaka ya kuutambua.

Kwa mtafutaji, tukio hili ni kielelezo kizuri cha namna namba moja iliyoachwa bila kusahihishwa huzaa tarehe isiyo na uhakika mahali pengine. Anayetafuta siku ambayo rekodi ya Cobb ilivunjwa atapata 11 Septemba 1985 karibu kila mahali, hata katika kurasa zinazompa Cobb mapigo 4,189. Ukurasa wa namna hiyo unajipinga wenyewe, na mwandishi wake hajui, kwa sababu tarehe aliitoa katika hifadhi moja na idadi akaitoa katika nyingine.

Isidhaniwe kwamba MLB haisahihishi kamwe. Hack Wilson wa Chicago Cubs aliandikiwa mwaka 1930 kwamba alileta nyumbani mikimbio (yaani pointi) 190 kwa kupiga kwake, rekodi ya msimu mmoja ambayo haijavunjwa hadi leo. Watafiti walionyesha kwamba katika mchezo wa pili wa tarehe 28 Julai 1930 dhidi ya Cincinnati, mkimbio mmoja wa Wilson uliandikwa kwa mwenzake Charlie Grimm. Mwaka 1999, chini ya kamishna Bud Selig, rekodi ilibadilishwa rasmi kuwa 191, na katika hatua hiyohiyo idadi ya mara ambazo Babe Ruth alipewa besi ya bure, yaani kwenda besi ya kwanza bila kuupiga mpira, ilipandishwa kutoka 2,056 hadi 2,062. Ushahidi wa kesi ya Wilson haukuwa na nguvu kuliko wa Cobb. Tofauti ninayoiona ni kwamba Wilson aliongezewa juu ya rekodi iliyokuwa yake tayari, na Ruth vilevile aliongezewa. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Marekebisho ya Cobb yanapunguza, yanagusa taji, na baada ya 1985 yanagusa pia tarehe ya sherehe ya mtu mwingine.

Namba ya kuandika

Mwandishi anayetaka namba moja kwa ajili ya makala yake afanye nini? Akiandika habari za rekodi rasmi, za mataji na za maamuzi ya ligi, 4,191 ndiyo namba ya MLB na inafaa itajwe hivyo, pamoja na jina la mwenye namba. Akiandika uchambuzi wa upigaji, akilinganisha wachezaji kwa wastani na zamu, atumie 4,189 na abaki ndani ya kanzidata hiyohiyo kwa kila mchezaji anayemlinganisha. Kuchanganya ndiko kunakoleta madhara. Wastani wa 0.367 uliowekwa kando ya mapigo 4,189 hautoki katika jumla yoyote iliyowahi kuwapo. Ukiuona, jua kwamba ukurasa umeunganishwa kwa viraka. Asishangae pia akikuta wastani wa 1910 wa Cobb au wa Lajoie umesogea kidogo kutoka katika hesabu niliyoifanya hapo juu, kwa kuwa Baseball-Reference huendelea kupokea marekebisho ya zamu kadiri michezo ya enzi hiyo inavyopitiwa upya, na ni busara kuandika tarehe uliyoufungua ukurasa.

Kuna badiliko jingine ambalo limepunguza uzito wa ugomvi huu upande wa wastani. Desemba 2020 MLB ilitangaza kwamba ligi saba za wachezaji weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948, wakati ubaguzi ulipowazuia kucheza kwingine, zinahesabiwa kuwa ligi kuu. Mwishoni mwa Mei 2024 takwimu zake ziliingizwa katika vitabu vya MLB, chini ya kamati iliyoongozwa na mwanahistoria rasmi John Thorn. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kanzidata ya Seamheads, iliyojengwa kwa miaka mingi na watu waliopekua majedwali ya michezo katika magazeti, yakiwamo ya watu weusi kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier. Herufi zilikuwa ndogo vilevile, tarehe zilisogea vilevile, na hapo hapakuwa hata na karatasi kamili za ligi za kulinganisha nazo.

Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, sasa anaongoza orodha ya wastani wa kupiga wa maisha yote akiwa na 0.372. Cobb ni wa pili, akihesabiwa kwa 0.367 au kwa 0.366.